Baiskeli ya Kijiji Kisicho na Barabara

Sikuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana.

Sikuwa na ng'ombe. Sikuwa na bati juu ya nyumba. Sikuwa na baiskeli, na kijiji chetu hakikuwa na barabara ya kuiendesha.

Nilikuwa na kalamu moja ya wino wa bluu. Kwa kalamu hiyo nilimfukia mke wangu akiwa hai.

Tulieni, niwaeleze.

Mimi ni Mkisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, mbele ya Matema, pale milima inapoingia majini. Kwetu wanawake wanafinyanga vyungu, wanaume tunavipakia kwenye mitumbwi kuvipeleka mnadani Matema.

Sasa nina miaka themanini na mbili, na haya nayaandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha jioni, na mtihani niliongoza. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo.

Kwa kisomo hicho nikawa katibu wa kijiji. Mgeni wa ofisini akija, mkalimani ni mimi, maana mama zetu wengi walijua Kikisi tu.

Ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Ndoo za plastiki na sufuria zikajaa mnadani. Mitumbwi yetu ikawa inaenda imejaa vyungu, inarudi imejaa vyungu vile vile.

Mwaka 1993 akashuka kwenye boti bwana mmoja wa mradi, Hezroni. Shati jeupe, mafaili kwapani. Alikuja kutuondolea umaskini.

"Mzee katibu, waambie tutawajengea tanuri la kisasa, la matofali. Vyungu vitashinda sufuria. Mahali nimeshapaona, pale kwenye tambarare."

Tambarare kwetu ni moja tu. Na hapo ndipo lilipo shimo la udongo, walipochimba mama zetu na bibi zao.

Mke wangu Tusekile, fundi kuliko wote, akasimama. Akasema kwa Kikisi, taratibu:

"Mwambie akijenga pale atakuwa ametukalia tumboni. Sisi tunachoma kwa nyasi, na vyungu vyetu havipasuki. Tatizo letu si moto. Tatizo ni kulifikia soko la mbali. Atupe boti."

Hezroni akanigeukia. "Mama anasemaje?"

Nikakohoa. "Anashukuru sana."

"Maneno yote yale ni asante?"

"Kwetu asante ni ndefu, bwana."

Mgeni hakatazwi usoni. Ndivyo nilivyojiambia. Nikaandika muhtasari: *Wanawake wote wameafiki.* Nikagonga mhuri.

Mwezi uliofuata nikapata baiskeli mpya, nyeusi, yenye kengele. Nikawaambia watu kaka yangu Aliko wa Karonga, upande wa Malawi, amenikumbuka. Niliitundika ukutani. Ningeiendesha wapi, majini?

"Katibu!" jirani yangu Yotamu alikuwa ananiita kila asubuhi. "Leo umeendesha ukuta mpaka wapi?"

Watu wanacheka. Mimi napiga kengele.

Tanuri likajengwa, shimo likamwagiwa zege. Moto wa kwanza vikaingia vyungu arobaini, vikatoka vigae. Moto wa pili, vigae tena.

"Wanawake wenu hawafuati maelekezo," Hezroni akasema. Akapanda boti.

Wakabaki hawana udongo. Wakaanza kuchimba chini ya genge, ule ukuta wa mlima kando ya tambarare, mahali ambapo hata mbuzi hapumziki.

Mvua ya Aprili ya Kyela mnaijua. Genge likashuka.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye baiskeli niliposikia mayowe. Nilipofika niliona mpini wa jembe na pindo la kitenge. Kitenge nilikijua. Nilikinunua mimi.

Tulichimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa vigae vya tanuri lile lile. Kwetu, kama kwa jirani zetu Wanyakyusa, mkwe wa kike hamkaribii baba mkwe. Wakikutana njiani, yeye hupita kando. Siku ile Asegelile, mke wa mwanangu Tumaini, alichimba bega kwa bega nami, analia, "Mama! Mama, itika!"

Tulimtoa Tusekile anapumua. Mkono wa kulia ulikuwa umepondeka. Hospitali walifanya walichoweza, lakini vidole vitatu havikukunjika tena.

Akawa anakaa mlangoni, anautazama mkono ule kama mali ya mtu mwingine.

Ndani tulikula muhogo. Muhogo ulipopungua, tulikunywa maji yake. Watu wakaanza kuhamia Ndandalo kufanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Nyumba saba zilifungwa milango. Nililala nikisikia ziwa tu, watoto hakuna.

Ndipo ikaja barua ya mradi. Awamu ya pili. Tanuri kubwa zaidi, kwenye kipande cha tambarare kilichobaki, chini ya lile genge. Wananchi wathibitishe kwa maandishi kabla ya boti ya Ijumaa.

Kipande kile ndicho chenye udongo wa mwisho. Kikizibwa, tumekwisha.

Wanawake wakakutana uani kwangu.

"Andika tunakataa," Tusekile akasema. "Andika tutabomoa tanuri wenyewe, na kwa matofali yake tuzuie kingo za shimo, asifukiwe mwingine. Kama wana moyo wa kusaidia, watupe boti. Karonga bado watu wanapenda maji ya mtungi. Tutavipeleka wenyewe."

Nikaandika. Nikasoma kwa sauti, kila neno kama walivyosema. Vigelegele!

Tusekile hakupiga. "Baba Tumaini, soma tena."

Nikasoma tena.

"Mara ya kwanza ulisema 'tunakataa' macho yakiwa kwenye mstari wa juu. Sasa umesema 'tunakataa' macho yakiwa kwenye mstari wa chini. Maneno ya karatasi yanatembea?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Asegelile!"

Mkwe wangu alikuwa nyuma ya ukuta. Alikuwa amemaliza darasa la saba, lakini mahali nilipokaa mimi yeye asingekaa, kwa hiyo mkutanoni hakuwahi kuonekana. Tusekile akaninyang'anya karatasi, akampelekea. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ikasoma, kisha ikarudia kwa Kikisi:

"*Wananchi wanashukuru na wameafiki tanuri la pili.*"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Shemeji Aliko alipokuja kunipa pole ya mkono," Tusekile akasema, "nilimshukuru kwa baiskeli. Akaniuliza, baiskeli ipi?"

Hata Yotamu, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani kwake, hakucheka.

Nikasema yote. Baiskeli alinipa Hezroni, kwa ule muhtasari. Na awamu ya pili ingenipa kazi ya usimamizi wa tanuri, na ofisi yenye meza. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na nililia mbele ya wanawake.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri uwe mtu."

Barua mpya aliiandika Asegelile, nyuma ya ukuta, wanawake wakimtajia. Kila mmoja akachora chini alama anayoweka kwenye shingo ya chungu chake. Tusekile alichora yake kwa mkono wa kushoto. Mimi niliachiwa mstari mmoja: *Muhtasari wa mwaka jana niliuandika kwa uongo. Kosa ni langu.* Ukatibu niliuacha hapo hapo.

Mtaniuliza mradi ulijibu nini. Wanawake hawakusubiri jibu. Boti iliyopeleka barua ilikuwa haijarudi, na tanuri walishalibomoa nusu.

Nyinyi mnaosemea watu, mkutanoni au humu mitandaoni, mwaliko ukifika kwenu kwanza, ondokeni mlangoni mwenye njaa apite. Anajua anapoumia kuliko mwenye kalamu. Nami nilifundishwa hilo na mkono usiokunjika.

Ijumaa ilipofika, gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Tusekile akachukua punje za wali alioletewa na dada yake kutoka Talatala, akazisaga kwa kidole, akapaka, akaigandamiza bahasha kwa vidole vyake vitatu vigumu mpaka ikashika.

Mimi nikaishusha baiskeli ukutani, nikaibeba begani mpaka ufukweni, irudi kwa Hezroni.

Akampa mwenye boti barua mkononi. Baiskeli ikalazwa juu ya magunia. Boti ikasukumwa, na kwa kila wimbi kengele ikawa inalia yenyewe.