Saa Thelathini na Sita za Dole Gumba Langu

Mimi ni Kaijage, mwana wa Laurenti Byabato na Anastazia Kokugonza. Nilizaliwa Kashozi, katika kibanja cha baba yangu, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba na mibuni huota pamoja. Sikuingia darasani hata siku moja. Baba aliwapeleka shule wadogo zangu wawili, mimi nikabaki na ng'ombe, na sikumlaumu, kwa kuwa lazima mmoja abaki. Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Jenesta, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anatafuta chuo. Nimemwagiza aandike ninavyosema, asinipambe.

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kuajiriwa ilikuwa katika shamba la misheni, hapo hapo Kashozi. Bwana Shamba alinisimamisha mbele ya shina la mgomba lenye machipukizi saba, akaniuliza yapi nitayaacha. Nilichomoa muhoro, kile kisu chetu kilichopinda ncha, nikaacha mama, binti na mjukuu: mgomba unaozaa, utakaoufuata, na mdogo utakaofuata huo. Mengine nikayang'oa hadi kwenye mzizi.

"Wengi huogopa kukata," Bwana Shamba akasema. "Kesho uje tena."

Nilikwenda kwa miaka mingi. Baadaye nilihamia Bukoba mjini, kwenye kitalu cha miche ya kahawa, chini ya Meneja wa Kitalu ambaye hakupenda neno "kama". Ukimwambia miche ni kama mia mbili, alikurudisha ukahesabu upya. Nilihesabu kwa kokoto, kokoto moja kwa kila miche kumi, wala sikumbuki kukosea. Ni katika miaka hiyo nilipopata kibanja changu cha Nshambya, ambamo Jenesta amekaa sasa na kalamu yake.

Kazi yangu ya tatu na ya mwisho ilikuwa Muleba, katika chuo cha kilimo ambacho sitakitaja jina. Niliajiriwa kuwa msimamizi wa shamba la mafunzo. Walimu walifundisha darasani, na wanafunzi wakaletwa kwangu kushika walichosikia: kuchagua machipukizi, kupogoa mibuni, kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda ili kisu kisibebe ugonjwa wa mnyauko kutoka shina hadi shina. Vijana waliniita Profesa Muhoro. Niliwakataza, wakaendelea.

Hapo ndipo nilipomkuta Afisa Taaluma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye katika maisha yangu yote ya kazi sijaona mtu aliyeheshimu kipimo kuliko yeye. Kila mwanzo wa mwaka alikuja shambani kunieleza mambo ya ofisini, ingawa hakulazimika.

"Mzee Kaijage," aliniambia mara ya kwanza, "mtoto wa kidato cha nne akija kwetu, mwaka wa kwanza anafikia ngazi ya nne. Tunaiita astashahada ya awali. Mwaka wa pili ni ngazi ya tano, astashahada. Wa tatu ni ngazi ya sita, stashahada. Juu yake kuna ya saba, na ya nane ndiyo shahada ya chuo kikuu."

"Na mimi niko ngazi ya ngapi?"

"Wewe kwenye karatasi hupo, Mzee. Uko kwenye migomba."

Nilicheka, naye hakucheka. Akaendelea na krediti. Krediti moja, alisema, ni saa kumi za kujifunza: kusikiliza, kusoma, kutenda na kupimwa. Mwaka mmoja wa masomo una krediti mia moja na ishirini, na kila somo lina fungu lake. Somo la migomba na kahawa lilikuwa na krediti nane za vitendo shambani, maana yake saa themanini. Zamani mwalimu alisema tu kwamba wanafunzi wamefanya vya kutosha. Vya kutosha ni vingapi? Niliupenda utaratibu ule tangu siku nilipouelewa. Mtoto wa mkulima wa Kimwani na mtoto wa mkubwa wa mjini walipimwa kwa saa zile zile, na aliyehama kwenda chuo kingine aliondoka na krediti zake, hakuna wa kumwambia aanze upya.

Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la vitendo. Aliandika tarehe, kazi ya shambani aliyofanya na saa zake, nami nikabonyeza dole gumba langu pembeni. Dole hilo ndilo lililosema: huyu alikuwepo, nimemwona.

Sasa nieleze kosa langu.

Kwetu Buhaya, mtu akifa, jembe haliingii ardhini kijijini pale mpaka azikwe na siku za matanga zipite. Shamba la chuo lilikuwa katikati ya nyumba za watu. Katika muhula mmoja tulipata misiba mitatu, na kila msiba ulitunyang'anya siku tatu za vitendo, saa nne kwa siku. Sikuwaacha wanafunzi wakae bure. Niliwapeleka msibani: wakachota maji, wakapasua kuni, wakamenya ndizi za waombolezaji. Jioni waliniletea madaftari yao, wameandika kazi ya ratiba ya siku ile, nami nikabonyeza. Niliona kazi, nikatia dole. Haikunijia akilini kwamba dole langu lilikuwa linasema jambo jingine.

Mwisho wa mwaka ule ithibati ya kozi yetu ilikuwa inafikia ukomo. Ithibati ni idhini ya baraza la taifa kwamba kozi ina walimu, vifaa, mtaala na saa zinazostahili. Haitolewi milele, ina tarehe ya kwisha. Kozi isiyo na ithibati hutoa karatasi nzuri ya kutundika ukutani, lakini mwajiri wa serikali haitambui, na chuo kikuu hakiipokei. Tulikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja wa mwaka wa tatu. Mmoja wao alikuwa Adelina wa Kimwani, binti wa mama mjane, aliyeshika muhoro vizuri kuliko wavulana wote wa darasa lake.

Mkaguzi alikuja kutoka Dodoma, mama mwenye miwani, akaomba vitu viwili: madaftari ya vitendo na daftari la stoo la kutolea zana. Akayafungua sambamba. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameziona siku tisa ambazo wanafunzi wote walipogoa mibuni kwa mujibu wa dole langu, na siku hizo hizo mtunza stoo ameandika: zana hazikutolewa, kuna msiba.

Mkuu wa Chuo alinifuata shambani mwenyewe, jasho likimtoka.

"Mzee wangu, utaitwa. Sema hukujua wameandika nini. Wewe husomi, hakuna atakayekulaumu."

"Na wanafunzi je?"

"Wataonywa kwa kuandika uongo. Kozi itapona."

"Mkuu, kusoma sijui. Kuhesabu siku ninajua."

Alijifuta jasho, akarudi ofisini. Simhukumu. Alikuwa na chuo kizima mabegani.

Mkaguzi alinipa kiti, jambo ambalo sikulitarajia. Nilimweleza yote: jembe, misiba, maji na kuni. Nikamwambia vijana waliandika saa kwa sababu mimi niliwaambia zinahesabika.

"Mzee," akauliza, "kumenya ndizi za msibani kunamfundisha mwanafunzi kuchagua chipukizi?"

"Hapana."

"Kunamfundisha nini?"

"Kuishi na watu."

"Ni somo kubwa, lakini halimo kwenye mtaala huu. Atakapokwenda kwa mkulima akakata chipukizi lisilostahili, mkulima atakula ndizi alizomenya msibani?"

Nilimheshimu kuanzia saa ile, na ninamheshimu hadi leo. Angeweza kuifuta kozi kwa kalamu moja. Badala yake alizifuta saa thelathini na sita kwa wino mwekundu, daftari moja baada ya jingine, yote thelathini na moja, akatoa masharti: zirudiwe zote, siku tisa, chini ya usimamizi wangu mwenyewe, na kila siku dole langu liwe na sahihi ya Afisa Taaluma kando yake. Angerudi Ijumaa ya wiki ya pili asubuhi. Zikikamilika angependekeza ithibati. Ikipungua hata saa moja, asingependekeza.

Wanafunzi waliitwa kutoka likizo. Wengine walikuja wamenuna.

"Profesa, dole lako lina gharama," akasema kijana mmoja mrefu.

"Shika muhoro, acha mdomo," Adelina akamjibu. "Kuandika uliandika mwenyewe, au mkono ulikuwa wa babu?"

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tulimaliza saa ishirini. Zilibaki kumi na sita, siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Jumamosi akafa Ta Rwegoshora.

Ta Rwegoshora ("Ta" ni neno letu la kumheshimu mzee) alikuwa jirani yangu, ukuta wa miti tu kati ya nyumba yake na nyumba niliyopewa na chuo. Kila Jumapili baada ya misa tulitafuna punje za kahawa pamoja barazani kwake. Nilipofika Muleba sina mtu, yeye ndiye aliyenipeleka kwa watu. Mazishi yalipangwa Jumatatu, na jembe lingelala hadi Alhamisi jioni.

Niliona njia moja tu. Msiba wa Muleba haufungi jembe la Bukoba. Nilimwambia Afisa Taaluma tuwapeleke wanafunzi Nshambya, kwenye kibanja changu na vya majirani zangu wawili, kwa lori la chuo, tuondoke alfajiri na kurudi jioni. Aliuliza swali moja: "Na mazishi?" Nikamwambia hilo ni langu.

Jumapili mwana mkubwa wa marehemu alikuja mlangoni kwangu.

"Ta Kaijage, baba alisema kabla hajafumba macho kwamba wewe utashika jeneza upande wa kichwa."

"Mwanangu, kesho sitakuwepo."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia, nikamweleza habari ya wanafunzi na Mkaguzi.

"Kwa ajili ya saa?"

"Saa kumi na sita."

"Saa kumi na sita," akasema. "Baba yangu alikupa miaka."

Akaondoka bila kuniaga. Sikumwita arudi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Siku nne tulifanya kazi Nshambya. Afisa Taaluma alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa yake mkononi, na mvua iliponyesha hakuingia ndani, alijifunika jani la mgomba. Kijana aliyetoka shambani dakika kumi alizirudisha dakika kumi. Jumatatu mchana, saa ambayo mzee mwenzangu alikuwa anashushwa kaburini, nilikuwa nimeinama na Adelina kwenye shina moja, akiniuliza kama binti aachwe upande wa mteremko au upande wa juu. Nilimjibu vizuri. Sijui nilimjibuje vizuri.

Ijumaa Mkaguzi alihesabu mwenyewe. Zilitimia. Ithibati ilitoka, na wote thelathini na mmoja wakapata stashahada inayotambulika. Adelina sasa ni afisa ugani, anatembelea vibanja vya watu, na nasikia wakulima wanamwogopa, jambo zuri. Chuo nacho kilibadili ratiba: kila muhula unatengewa siku za akiba kwa ajili ya misiba, na dole la msimamizi halikubaliwi tena bila sahihi ya mwalimu. Nilipostaafu, Mkuu wa Chuo alinisifu mbele ya watu. Nilimsikiliza kwa heshima, ingawa mtu niliyetaka kumwona ukumbini pale, mwana wa Rwegoshora, hakuja.

Jenesta, sasa andika ya kwako. Chuo chochote utakachochagua, kabla ya kujaza fomu omba kuona barua ya ithibati ya kozi yenyewe, si ya jengo, na usome tarehe yake ya mwisho. Uliza ngazi, uliza krediti, na anayekujibu kwa neno "kama" mwache. Matokeo yako ya kila muhula yatunze nakala mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Usitie sahihi kwa kazi ambayo macho yako hayakuiona, hata ukiombwa kwa huruma, maana mimi niliitia kwa huruma.

La mwisho, litunze kuliko hayo yote. Unaijua nyumba ya Rwegoshora kule Muleba. Msiba ukitokea katika nyumba ile, nikiwa hai au nimekufa, ukiwa chuoni au kazini, utakwenda. Ufike kabla ya majirani, uchote maji, umenye ndizi, wala usiondoke mpaka wenyewe wakuambie nenda.