Tumbo la Karasha

Kwa miaka thelathini na kitu aliyoishi Ngokolo, mjini Shinyanga, hakuna mtu aliyewahi kumkamata Mwahija binti Sabiti na uongo. Wanawake wakigombania kamba ya kuanikia nguo, aliitwa yeye. Wapangaji wakishutumiana kuhusu sufuria iliyopotea, aliitwa yeye. Akisema "nimeona", basi limeonekana, na kesi imekwisha. Ndiyo maana mtaa uliona vigumu kuamini kwamba siku aliyodanganya, alidanganya kwa sababu ya tumbo la mbwa. Na mbwa mwenyewe hakuwa wake.

Mbwa alikuwa wa Marcel, mpangaji wa chumba cha uani, kijana mchimbaji ambaye muda wake mwingi aliumalizia kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na huku alirudi kufua na kulala. Mwezi wa nne alirudi na boksi la sabuni lililotobolewa matundu.

"Hicho nini, Marcel?" Mwahija aliuliza. Alikuwa akikaanga maandazi ya watu wa ofisini.

"Mlinzi, mama."

"Mlinzi anayekojolea boksi?"

Marcel alikitoa kitoto cha mbwa, kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa. Alikuwa amekipa jina la Karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa sababu kilitafuna kila kilichokaa mbele yake: ndala, kamba, chaja ya simu, na mkia wake chenyewe kikikosa kingine.

Mwahija alitoa masharti pale pale, mwiko mkononi. Mbwa asipande barazani. Asisogelee ndoo za maji. Na yeye hatamgusa, maana anaswali mara tano na hana nafasi ya kujisafisha mate ya mbwa kutwa mara saba. Marcel alikubali yote. Siku ya tatu alipigiwa simu kwamba duara lao, lile shimo walilolichimba tangu mwaka jana, limeanza kutoa dhahabu. Akaondoka mbio.

"Wiki moja tu, mama!"

Wiki moja ikawa sita.

Mwahija alimlisha Karasha kwa fimbo ya deki. Aliweka bakuli chini, akalisukuma kwa fimbo kutoka mbali, kama mtu anayepika kwenye moto mkali. Aliyemwona alicheka, naye hakujali. Siku ya nne Karasha akaanza kuhara.

Alihara kwenye mchicha, alihara chini ya kamba za nguo, alihara mbele ya mlango wa Marcel, na hapo Mwahija akaona ana haki. Alivaa glavu za mpira, akamwaga majivu, akafagia, akamwaga maji. Alipogeuka, mbwa ameharia mahali pengine. Akampigia simu Marcel.

"Mpe majivu, mama."

"Ale majivu?"

"Hapana, umwagie juu ya..."

"Hayo nimeshamwaga, Marcel! Jiko zima liko uani!"

Ikabidi aitwe Daktari Wema, binti mwenye duka la dawa za mifugo karibu na kijiwe cha bajaji. Alikuja na pikipiki yake, akaamkia, akachuchumaa. Alimtazama Karasha fizi, akamvuta ngozi ya shingo, akampima joto mahali ambapo Mwahija aligeuza uso. Damu hakuna, kutapika hakuna, mkia unachezacheza. Alimpa dawa ya minyoo, akaacha pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, kisha akaagiza chakula: wali uliolainika na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta, kidogo kidogo, mara nne kwa siku.

"Kingine chochote hapana, mama. Maziwa ndiyo kabisa."

Mwahija aliitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijisemea: huyu binti hajazaa. Yeye amelea watoto wanne, wa kwanza Zakia, na wajukuu, na marehemu mume wake, ambaye tumbo lake lilisumbua miaka yote aliyofanya kazi kwenye jineri ya kuchambua pamba. Wote aliwatuliza kwa maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu. Mbwa ana tumbo gani la ajabu?

Basi kila alfajiri, akishaswali, alipasha kikombe kimoja cha maziwa aliyonunua kwa jirani yake Pantaleo, akayamimina bakulini na kulisukuma kwa fimbo. Karasha alikunywa kwa kelele, akalamba bakuli mpaka likasafiri uani peke yake. Kisha alimtazama Mwahija kwa macho ambayo hata wajukuu hawakuwahi kumtazama nayo. Kufika saa nne, mchicha ulikuwa umeharibika tena.

Wiki tatu zikapita hivyo. Jioni nafuu, mchana balaa. Daktari Wema alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, na mara hiyo alikaa kwenye kigoda na kumwangalia mbwa usoni. Kwenye sharubu za Karasha kulikuwa na kitu cheupe kimekauka.

"Mama Zakia, nani anampa huyu maziwa?"

Mwahija alifungua mdomo aseme kweli, kama kawaida yake. Kilichotoka ni hiki: "Ananyonya mbuzi wa jirani."

Wema aliweka kalamu chini. "Ananyonya?"

"Ananyonya. Anapita chini ya uzio pale. Nikimfukuza anarudi." Mwahija alijisikia akiendelea, na akashangaa jinsi ilivyo rahisi. "Yule mbuzi mwenye doa. Anamtulilia kabisa, kama mwanawe."

Upande wa pili wa uzio mtu alikohoa. Kichwa cha Pantaleo kikachomoza, kofia ya pama juu, na Mwahija akajua ameumbuka. Pantaleo alikuwa Msukuma wa Maswa, mwanamume mwenye maneno mengi, na huyo mbuzi alimpenda kuliko ndugu zake.

"Kweli kabisa, dokta!" alisema Pantaleo. "Nimeona kwa macho yangu haya. Jana, na juzi! Huyu Kalasha ni mwizi! Ndiyo maana siku hizi maziwa mepesi, Mama Zakia. Si ulikuwa unalalamika? Ndiyo hivyo sasa. Mazito yote anamaliza yeye."

Mwahija alimtazama. Kama kuna mtu mmoja duniani aliyejua kwa yakini kwamba Karasha hajawahi kumnyonya mbuzi yeyote, ni yeye. Kwa hiyo Pantaleo alikuwa anaapa juu ya kitu ambacho hakikutokea. Kwa hiyo wepesi wa maziwa ulitoka kwingine. Mwongo mkubwa wewe, alitaka kumwambia, lakini akalimeza neno, maana lisingetoka bila kuvuta jingine.

"Naomba nikaone," alisema Wema, akasimama.

Walikwenda wote. Mbuzi alifungwa kando ya kibanda, anatafuna mabua. Wema alimshusha Karasha hatua mbili kutoka pale, akarudi nyuma. Karasha alimwangalia mbuzi. Mbuzi alimwangalia Karasha. Ikaonekana wazi kwamba hawajawahi kujuana. Mbuzi aliinamisha pembe, akakitupa kitoto mara moja tu, kikaviringika mpaka kwenye beseni la pumba, kikatoka kimepakaa, kikakimbilia chini ya dera la Mwahija. Pua yake yenye maji ikamganda kwenye kisigino.

Mwahija hakusogea. Alisimama na mbwa mguuni, anatazama mawingu.

"Leo hawana hamu," alisema Wema kwa upole. Kisha akamgeukia Pantaleo, akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Kwani maziwa unayachanganya na maji gani, baba?"

"Ya pipa lile tu," alisema Pantaleo, halafu akafumba mdomo.

Wote wakalitazama pipa. Juu ya maji yake palikuwa na utando wa kijani.

"Na wewe, mama, ukimpa unayachemsha?"

"Nayapasha tu," alisema Mwahija, akafumba mdomo naye.

Daktari Wema hakucheka. Alieleza kwamba maziwa pekee yanatosha kumharisha kitoto cha mbwa, na maji yale yalikuwa nyongeza. Akarudia agizo la wali na kuku, akaaga, akawasha pikipiki. Ila alipokata kona waliona mabega yake yanatikisika.

Majirani wawili walibaki wanaangalia chini.

"Mama Zakia," alisema Pantaleo, "hata wewe?"

"Nyamaza. Kamwage hilo pipa."

"Mimi nilikuamini! Nikasema, kama Mama Zakia ameona, basi yupo mbwa anayenyonya!"

Mwahija alicheka mpaka akashika uzio, na Pantaleo akaangua naye. Wakaapizana wasimwambie mtu. Kabla ya alasiri mtaa ulikuwa unajua, na mpaka leo mtu wa Ngokolo akitoa sababu isiyoeleweka huambiwa ananyonya mbuzi.

Asubuhi zilizofuata zilikuwa ngumu. Karasha alikaa mbele ya mlango wa jiko, akalia kilio chembamba, na Mwahija akapika chai ya rangi huku amempa mgongo. Alipika wali mpaka ukawa uji, akachambua kuku nyuzi kwa nyuzi. Siku ya tano alikwenda kwenye mchicha na koleo lake la majivu, akasimama. Aliinama. Akapiga simu Nyarugusu.

"Marcel! Kimetoka! Kigumu, kimeshikana vizuri!"

Simu ilikuwa kwenye spika, kwenye kikao cha wachimbaji wanaopata chai. Kelele zikalipuka. Sauti ngeni ikapiga kelele, "Wapi, mama? Kimetoka wapi?"

"Kwenye mchicha wangu!"

Ilimchukua Marcel muda mrefu kuwazuia watu watatu wasipande gari la Shinyanga siku ile ile.

Alipofika mwishoni mwa mwezi wa tano, alikuta mbwa amenenepa, manyoya yanang'aa, chanjo amechomwa. Akasema sasa atampeleka mgodini akalinde vifaa.

"Nani atampikia wali kule?" Mwahija aliuliza.

"Atakula makombo, mama, kama mbwa."

"Mara nne kwa siku?"

"Mama..."

"Bila chumvi?"

Marcel alikuna kichwa. Jumatatu aliondoka na begi lake peke yake. Karasha hakumsindikiza hata mpaka getini. Alikuwa anakula.