Risasi Katika Lengalenga

Mama alipofika Brussels kutoka Bukavu, mwaka mzima alikaa kwenye kiti kimoja. Fleti yetu ilikuwa Schaerbeek, ghorofa ya nne. Mimi nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Etterbeek, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Nikirudi jioni namkuta kama nilivyomwacha, kitenge kimefungwa vizuri, viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa. Chakula hajagusa. Nikimuuliza amefanya nini, ananijibu, "Niko tu."

Mwanamke huyo alikuwa amelisha watoto sita kwa shamba la mlimani. Nilijua anachokosa, nikaandikisha jina langu kwenye chama kimoja kinachogawa viwanja vya bustani. Tulingoja miaka miwili. Hatimaye tukapewa kipande nyuma ya maghala huko Anderlecht, si kikubwa kuliko sebule yetu, pamoja na pipa la maji na kibanda cha kuwekea majembe.

Siku ya kwanza Mama alivua viatu. Nilimwambia udongo ni baridi, hakunisikiliza. Alilima mpaka saa nane mchana, akapanda maharagwe, maboga na lengalenga, mchicha wa kwetu. Kufika mwezi wa saba lengalenga zilimfika kiunoni. Watu wa kanisani wakaanza kuja Jumamosi na mifuko yao, naye akawachumia huku akiwaelekeza jinsi ya kupika, kana kwamba hawakuzaliwa na mama. Mmoja wao, msimu wa tatu, alikuwa msichana wa Uvira mwenye mimba ya kwanza. Mama alimwekea huyo fungu lake kando kila wiki, majani machanga, ili yamwongezee damu.

Jirani yetu pale alikuwa mzee wa Sicilia, kisiwa cha Mediterania, aliyekuja Ubelgiji akiwa kijana kuchimba makaa ya mawe. Alikuwa na mtini mmoja ambao kila Novemba aliuzungushia magunia usife kwa baridi. Yeye na Mama hawakuwa na lugha moja. Walionyeshana kwa vidole, na walipokwama mimi nilitafsiri. Siku moja alisema kwamba kwao kisiwani mti huo huota wenyewe ukutani, bila kubembelezwa. Mama aliniambia, "Mwambie hata kwetu haikukuwa kazi ya nguvu hivi."

Barua ilifika msimu huo huo wa tatu, maharagwe yakiwa yamechanua. Niliisoma bustanini, nimesimama. Chama kilikuwa kimepima udongo. Zamani, kabla ya bustani, palikuwa na karakana ya betri mahali pale. Tusile chochote kilichoota humo, hasa watoto na wajawazito.

"Inasema nini?" Mama aliuliza, bado ameinama.

"Inasema udongo iko na sumu, maman. Plomb."

"Plomb njo nini?"

Kwa Kiswahili ni risasi, neno lile lile la risasi za bunduki. Sikuwa na jingine, nikalisema.

Mama aliinuka taratibu, mkono kiunoni. "Risasi," alisema. "Hata huku."

"Hapana, siyo ya vita. Ni kama chuma. Iliingia mu udongo zamani."

"Lakini angalia majani. Udongo mubaya haiwezi kuotesha hivi."

Nilimweleza tena kwamba haionekani wala hainuki. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Na ule binti wa Uvira?"

Kwenye uzio, yule mzee alikuwa na barua yake mkononi na nyanya mdomoni. "Mapafu yangu yamejaa vumbi la makaa," aliniambia kwa Kifaransa. "Hiyo risasi itapata wapi nafasi?" Akaendelea kula. Mama aling'oa lengalenga zote mchana ule, shina kwa shina, akazijaza kwenye mifuko ya taka. Nilijaribu kumsaidia, akanisukuma mkono.

Baadaye chama kilituahidi masanduku ya kupandia yenye udongo safi. Mama alikataa. Nilirudisha ufunguo wa kibanda mwenyewe.

Yule msichana wa Uvira alipimwa damu, ikaonekana risasi imezidi. Alijifungua salama. Daktari alimwambia madhara, kama yapo, huonekana baadaye, mtoto anapoanza kujifunza mambo. Hakutulaumu hata mara moja. Ingekuwa nafuu angetulaumu. Alimleta mtoto kanisani, akamsogezea Mama ampakate. Mama aliificha mikono yake ndani ya kitenge, akasema ana mafua. Hakuwa na mafua.

Nilipomuuliza nyumbani, alisema, "Ni mimi nilimulisha." Nilimwambia hakujua, na kwamba jina lililoandikwa kwenye chama ni langu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine.

Mtoto sasa amepita mwaka na nusu. Anatembea, ana meno, anacheka. Hajasema neno. Mama yake anasema wengine huchelewa. Kila Jumapili tukitoka kanisani, ndani ya tramu, Mama huniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema?"

Namjibu kwamba wengine huchelewa, nami huangalia pembeni.