Onja Wewe Kwanza

Mwaka ule wa uhuru mume wangu alifanya kazi maabara katika chuo cha ualimu kando ya ziwa, upande wa Ilemela. Wanafunzi wawili walishikwa na homa ya matumbo, akatumwa kupima maji ya bomba. Lilikuwa hilo moja tu kwa chuo na sisi wa nyumba za wafanyakazi.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye foleni, mtoto mgongoni. Alikuja na chupa yake, akachovya pamba kwenye spiriti, akaiwasha na kuunguza mdomo wa bomba. Ndivyo kazi inavyotaka, vijidudu vya nje visiingie kwenye chupa. Lakini nani alijua? Wanawake walirudi nyuma. Mume wangu, mtu asiyejua kunyamaza, akaongeza kwamba tusinywe mpaka kesho, au tuchemshe.

"Umetia nini humo?" aliuliza mama mzazi wa mpishi wa chuo.

"Sijatia kitu, mama. Napima tu."

"Basi onja wewe kwanza, mwanangu."

Kwetu anayekupa pombe au maji huonja kwanza, ujue hana nia mbaya. Angekataa, ingekuwa ametutilia sumu. Alinitazama. Nilitikisa kichwa kumkataza, maana nilijua hata yeye hajui maji yale yana nini. Alikinga kikombe cha bati, akanywa chote. Ndoo zikaanza kujazwa.

Kesho yake alirudi mchana kutoka maabara. Vichupa alimopimia maji vilijaa mapovu, dalili ya uchafu wa chooni. Dawa ya kutia kwenye tangi ilikuwa ikisubiriwa kutoka mjini, na bomba halikufungwa kwa kuwa watu wangekimbilia ziwani, ambako ni kubaya zaidi. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wachemshe.

Mama wa mpishi alimkagua mume wangu toka juu mpaka chini. Mjukuu wake alikuwa miguuni pake, anakunywa maji.

"Si ulikunywa wewe? Mbona mzima?"

Tangu hapo hofu haikunipa nafasi. Nilimgusa mume wangu paji la uso kila alipoketi, nikiogopa homa. Asipokuwa nayo, nikaogopa vilevile. Kila asubuhi bibi yule alipita mlangoni kwetu, akaamkiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaona kijana amesimama kwa miguu yake mwenyewe, kisha akaenda na ndoo yake bombani.