Kiti Kilichonikutanisha na Mama Mkwe

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Nyegina, maana huko wanaongezaga chumvi.

Nilikwenda duka la samani hapa Musoma kutafuta kiti cha sebuleni, kile cha kuegemea na kunyoosha miguu. Nyumbani nakaliaga kigoda kama nakamua ng'ombe, na mimi sasa ni mtu mwenye televisheni ya ukutani.

"Kaa, baba, usiogope," muuzaji akasema, akaenda kumhudumia mteja mlangoni.

Nikakaa. Kiti kikanimeza hadi mabegani. Nikajaribu kuinuka, kitambi kikakataa. Nikasikia hatua nyuma yangu, nikajua muuzaji karudi. Nikanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nivute bwana, kiti chako kinakula watu."

Mkono uliozoea jembe ukanishika, ukanivuta. Nilipofika nusu ya kusimama nikageuka. Alikuwa mama mkwe.

Kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Nikimwona njiani navukaga upande wa pili, naye anajifunika kanga. Basi kwa heshima zote nikamwachia. Kiti kikanipokea tena, miguu ikaruka juu, ndala moja ikatua juu ya kabati.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa chali.

Alikuwa ameshageukia ukuta, kanga usoni. Haongei nami ana kwa ana, kwa hiyo akamwambia muuzaji aliyekuja mbio:

"Mwambie mkwe wangu, shikamoo yake nitaipokea akishateremsha miguu."