Ma Anastazia, Aliyepanga Zamu ya Kuwa wa Mwisho

Mchungaji wetu mpendwa, mzee wa ukoo, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani wa Kitendaguro na Kibeta, nanyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mbali na nyumbani: poleni.

Taarifa nimeisoma mara tatu na moyo bado unaikataa. Ma Anastazia ametutoka akiwa ameshiba miaka, lakini mimi bado nasubiri anipigie simu na kuniuliza, "Karani, umeamka au umeamshwa?"

Tangu jana mnaniuliza swali moja: na Verediana je? Ni kipofu, hana mtoto, na miaka yote hii ameishi katika nyumba ya marehemu ingawa si ndugu yake wa damu. Sasa atakwenda wapi?

Niruhusuni nieleze kwanza aliingiaje katika nyumba ile.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa karani na mkalimani katika ghala la kahawa hapa Bukoba, mali ya kampuni ya kigeni yenye matawi nchi nyingi. Ma Anastazia alikuwa mnyapara wa kina mama waliochambua kahawa: punje nzuri huku, mbovu kule.

Alikuwa na kicheko kilichovuka ukuta wa ghala. Wapagazi nje walicheka bila kujua wanacheka nini.

Akaja meneja mpya kutoka Uingereza, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Alikuja na ubao. Katika tawi alilotoka, alisema, ubao huo ulikuwa umeongeza kazi ndani ya mwezi mmoja.

Kila Jumamosi kila mama alipewa debe moja, nami niliandika majina kwa jinsi walivyomaliza. Wa kwanza alipata sabuni. Atakayekuwa wa mwisho Jumamosi tatu mfululizo angeondoka kazini. Vijana wa leo mnaiita ranking. Sisi tuliiita ubao tu.

Jumamosi ya kwanza, wa mwisho alikuwa Verediana, mjane wa Izigo, ambaye macho yake yalikwisha kuanza kumsaliti. Jumamosi ya pili, Verediana tena.

Jumamosi ya tatu, wa mwisho akawa Kokugonza, mwenye vidole vyepesi kuliko wote! Alishika punje yake ya mwisho akiitazama kama mtu anayesoma barua.

Wiki iliyofuata alikuwa mwingine. Na mwingine. Mimi niliandika na kunyamaza, maana kila Ijumaa nilimwona Ma Anastazia akipita meza kwa meza akinong'ona, "Kesho ni wewe." Aliyechaguliwa alirudi nyumbani ametuna kwa fahari kama bibi harusi.

Meneja alifurahi. "Unaona, karani? Hakuna mzembe tena."

Ndipo ikaja Jumamosi ambayo Ma Anastazia alikuwa amekwenda mazikoni Muleba tangu siku mbili nyuma, na zamu haikutajwa. Alirejea ghalani alasiri, akakuta wote wamemaliza isipokuwa wawili, Kokugonza na Paulina. Kila mmoja alikuwa na punje moja mkononi.

"Maliza wewe."

"Nimalize kwa nini, waitu, mwenzangu? Leo wa mwisho ni mimi."

"Wewe? Ulikuwa wa mwisho juzi juzi tu. Acha uroho!"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. "Wanagombania nini hawa?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari: wanagombania kiti. Ma Anastazia akanitazama. "Mwambie ilivyo, mwanangu. Ukimdanganya leo itabidi ukumbuke kesho, na wewe husahau hata kofia yako."

Nikamwambia: wanapokezana kuwa wa mwisho ili Verediana asifukuzwe. Akauliza nani aliyepanga. "Mimi," akasema mama yule, bila kushusha macho. "Muulize Bwana: anataka kahawa safi, au anataka mtu wa kufukuza?"

Nilitafsiri kwa kupunguza makali. Ma Anastazia hakujua neno moja la Kiingereza, lakini alisema, "Uso wa Bwana haujabadilika. Hujasema yote. Sema yote."

Nikasema yote.

Meneja alikwenda kwenye kahawa ya Verediana, akaimwaga mezani na kutafuta punje mbovu. Alitafuta muda mrefu. Hakupata hata moja, kwa kuwa yule mama alichambua kwa ncha za vidole. Kisha akamwaga ya aliyepewa sabuni siku ile. Humo alipata tano.

Jumatatu ubao haukuwapo. Aliagiza kila meza ipimwe kwa pamoja, ikishinda ishinde yote, na kwa mkono wangu nikapiga chapa barua yake ya kuyaeleza makao makuu kwamba Bukoba kazi hufanywa hivi. Alikuwa muungwana. Alijifunza bila kunung'unika.

Verediana alibaki kazini hadi macho yalipozima kabisa. Siku hiyo Ma Anastazia alimfuata Izigo, akabeba kitanda chake, akamleta Kitendaguro. Tangu hapo waligombana kila asubuhi kuhusu chumvi ya ndizi, na wote wawili walinenepa.

Ma Anastazia, asante kwa ujasiri ulionilazimisha kuwa nao. Usingizi wako uwe mtamu, mama, na malaika wakuamshe kwa furaha.

Ndugu zangu, jana palikuwa na waliopendekeza Verediana arudishwe Izigo, mahali ambapo hajabaki mtu wa kumfungulia mlango. Kikao cha ukoo, mbele ya Mchungaji, kimekataa. Verediana habanduki katika nyumba ile. Justina, binti mkubwa wa marehemu, atahamia kwake, na sisi wengine tutagawana siku za kumsaidia.

Kwa hiyo kesho, baada ya maziko, asiondoke mtu kabla hajaingia ndani, akamshika Verediana mkono, akamtajia jina lake na siku atakayokuja.