Zimwi Lililoachwa Katikati

Besi ni ala kubwa kuliko zote katika bendi ya matarumbeta. Unaikumbatia kama mtoto aliyelala, na sauti yake hutoka chini kabisa, mahali ambapo huna hakika kama ni sikio lililosikia au ni kifua kilichotetemeka. Kama hujawahi kuipuliza, usiogope ukubwa wake. Haitaki nguvu. Inataka pumzi ya polepole na midomo iliyotulia, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza.

Mimi nilijifunza nikiwa seremala wa misheni pale Ifakara, miaka ya hamsini. Kabla ya hapo nilipuliza tarumbeta dogo, lakini mpiga besi alihamia kwao Masagati, na mwalimu wa bendi akaniambia nina kifua kipana. Wakati huo mke wangu alikuwa amekwisha kwenda bondeni kulinda mpunga, kwa hiyo hakujua kwamba nimebadilishiwa ala.

Mwalimu alikuwa ametunga muziki usio na neno hata moja, hadithi nzima ikisimuliwa na ala. Hadithi yenyewe wengi wenu mmeilalia utotoni. Binti anasahau ushanga wake mtoni, anarudi peke yake kuuchukua, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Linazunguka vijijini likipiga ngoma, binti anaimba humo ndani, na watu wanalilisha zimwi kwa kupendezwa na sauti, mpaka linapofika mlangoni kwa mama yake. Klarineti ilikuwa binti. Ngoma kubwa ilikuwa ngoma. Zimwi lilikuwa mimi.

Hadithi hiyo mwalimu aliipata kwa mvuvi mmoja Mndamba aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Alimsimulia siku moja wakivuka kwenda Michenga, akaifunga kama zinavyofungwa kwetu. Naomba nieleze, maana mambo yote yaliyofuata yamesimama hapo. Hadithi yenye zimwi haiachwi wazi. Msimuliaji akifika mwisho huuliza, "Liko wapi?" nasi tuliokuwa tukisikiliza tunajibu kwa pamoja, "Limeungua." Ndipo watu wanainuka. Ukiondoka kabla ya jibu hilo, zimwi limebaki linatembea, na aliyelitoa ndiye wa kuulizwa.

Mwalimu hakuandika mwisho. Muziki wake ulikoma pale zimwi liliposimama mlangoni: besi inashuka, inashuka, kisha kimya. Alisema hofu ndiyo uzuri wenyewe, na kwamba wageni watakaokuja kwenye sikukuu ya misheni wataondoka nayo vifuani. Basi kila siku saa kumi jioni, nyuma ya karakana, pale ardhi inapoanza kuteremkia bondeni, tulilitoa zimwi na kulipeleka hadi mlangoni, tukaliacha hapo. Wiki ya kwanza tulitaniana. Wiki ya tatu wenzangu walikuwa wanafunga ala zao haraka na kuondoka bila kuniaga. Watoto waliozoea kuja kuigusa besi waliacha kuja.

Masika ilikuwa imeshika. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, akikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga mashambani ili kulinda mpunga. Tulikubaliana kwamba maji yakifika kipago cha pili cha ngazi, nikamchukue. Siku mbili kabla ya sikukuu, mtu aliyetoka huko akaniambia maji yamepita kipago cha nne.

Nilikimbia gatini. Yule mvuvi alikuwa anakumba maji mtumbwini mwake. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Wewe sikupakii, fundi."

Nikadhani anataka nauli mkononi kwanza. Akacheka kidogo.

"Hata ukinipa ng'ombe. Nimpakie nani? Wewe au huyo unayemtoa kila jioni? Mimi nilimpa mwalimu wako hadithi imefungwa. Yeye ameifungua, na wewe ndiye unayeipulizia."

Nikamwambia ni muziki tu. Akaniuliza kama ni muziki tu, kwa nini wenzangu wananikimbia. Walikuwapo wapiga kafi wengine wawili hapo. Wote wakageukia upande wa maji.

"Lifungeni," akasema. "Halafu panda."

Nilimkuta mwalimu akinakili nota. Nilipomweleza alikasirika, akasema utunzi wake haufundishwi na mvuvi, na mwisho usioandikwa hauwezi kupigwa. Nikamwambia kwamba sikuja kubishana juu ya utunzi, mke wangu yuko juu ya maji. Aliiweka kalamu chini. Kisha akainuka, akamwita mpiga klarineti na mpiga ngoma, nasi wanne tukateremka gatini mvua ikitunyeshea.

Tulianza pale tulipoliacha zimwi, mlangoni kwa mama. Klarineti iliimba, mwenzangu akatafuta mwenyewe njia ya kumtoa binti ndani ya ngoma, na naamini aliipata, maana sauti yake ilipanda na ngoma ikanyamaza. Nikabaki mimi. Zimwi hufaje kwenye besi? Hakuna aliyewahi kunifundisha. Nilishika nota ya chini kabisa niliyokuwa nayo na sikuiachia. Niliipuliza mpaka pumzi ikaisha, nikavuta nyingine, nikarudia, mpaka mdomo ukapasuka na nikaonja damu, mpaka ikabaki hewa tupu inayopita kwenye bomba.

"Liko wapi?" mvuvi akauliza.

"Limeungua," wakajibu wenzangu na wapiga kafi. Mwalimu naye alijibu, kwa sauti ndogo.

"Haya, panda. Hilo dude liache hapohapo."

Bonde lilikuwa limekuwa ziwa. Tulipita juu ya mashamba ya watu niliowajua, vichwa vya mpunga vikionekana chini ya maji kama nywele. Mvuvi alisukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Sikusikia ndege hata mmoja. Tulipoliona dungu, ngazi haikuwapo. Niliita jina la mke wangu, hakujibu. Niliita tena.

"Msisogee upande huo," akasema kutoka juu, polepole. "Zungukeni. Alikuwa chini yangu hapa."

Mke wangu alikuwa ameivuta ngazi juu. Mvuvi hakuuliza ni nani. Alipiga maji kwa pondo, akazunguka nguzo mara mbili, ndipo akamwambia ateremke. Nilimpokea mikononi mwangu. Alikuwa wa baridi mwili mzima, lakini mtoto alikuwa anacheza tumboni, niliusikia mguu wake.

Tulipokuwa katikati ya njia ndipo alipopata nguvu ya kuongea, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Alisema aliyekuwa chini yake ni mamba, na alikuja wiki tatu zilizopita, maji yalipoanza kujaa. Mchana hakuwa akimwona. Alikuwa akija jioni, sauti ya bendi ilipovuka maji; si ya matarumbeta madogo wala ya ngoma, ni ile moja nzito. Ikilia, mamba anainua kichwa na mkia, anafutua shingo, anaunguruma kuijibu, mpaka nguzo za dungu zinatetemeka. Ikikoma, anabaki palepale akisubiri iendelee. Jana alifika mpaka kwenye vipago.

"Na leo?" mvuvi akauliza.

"Leo ililia muda mrefu sana. Aliijibu, akaijibu, kisha akaondoka kuifuata, upande mliotokea ninyi."

Mvuvi akaacha kusukuma. Alitazama maji ya mbele yetu, kisha akanitazama mimi, akaanza tena kusukuma, safari hii taratibu, bila kupiga kelele ya maji.

Mke wangu akageuka kwangu. "Ni nani kwenye bendi yenu anayepuliza lile kubwa?"

"Ni mimi," nikasema.

Akauondoa mkono wake gotini kwangu, akauweka juu ya tumbo lake, na ukabaki hapo mpaka tulipogusa nchi kavu.